Binti yetu ana miezi 14 na bado hajafika: namjibu msomaji mwenzangu

Ndugu Mhariri,

Salamu na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza, mtaniwia radhi kama nitakuwa mrefu, kuna mambo mawili yamenikaa kooni. La kwanza ni ule ukurasa wenu wa malezi mlioweka orodha ya maandalizi ya mtoto mchanga, wiki ya 12 fanya hiki, wiki ya 28 nunua kile, wiki ya 36 begi liwe mlangoni. La pili ni barua ya msomaji mmoja aliyesema eti taratibu za kuasili mtoto kutoka nchi nyingine zikatwe ziwe miezi mitatu basi, maana watoto wanaozea kwenye makao ya watoto huku wazazi wenye nia wapo wamekaa wanasubiri. Sasa mimi ni mmoja wa hao waliokaa wanasubiri. Mimi na mume wangu tunaingia mwaka wa tatu. Na huyo msomaji sikubaliani naye, au niseme nakubaliana naye nusu, ile nusu nyingine ndo imenifanya nikae usiku huu niandike.

Nianze na hilo la orodha, sina ugomvi nalo kwa mwenye mimba, ila sisi wiki hatuna. Sisi tuna vyeti, na vyeti vina tarehe ya kuisha. Cheti cha polisi kinaisha, cha daktari kinaisha, alama za vidole zinaisha (vidole vyenyewe ni vilevile jamani, ila kwenye faili vinaisha), barua ya mwajiri inaisha, ukikimbizana na kimoja kile cha mwanzo ulichokipata kwa tabu kimeshakufa unaanza upya. Vipimo vya afya tumefanya mara tatu. Afisa ustawi wa jamii kaja nyumbani mara nne, kafungua kabati la jikoni, kauliza dawa zinakaa wapi, sabuni za kufulia zinakaa wapi, halafu kakaa akatuuliza tulivyolelewa, tulikuwa tunachapwa au hatuchapwi, na tukikasirika huwa tunafanyaje, mimi peke yangu, mume wangu peke yake, kisha wote wawili. Wifi yangu alisema mbona wanaozaa hawaulizwi hayo. Ni kweli hawaulizwi. Ila mimi nilivyoulizwa nikagundua kuna maswali ambayo miaka tisa ya ndoa mimi na mwenzangu hatukuwahi kuulizana, kwa hiyo kama kuna kitu nitakiita maandalizi ya mtoto cha kwanza kabisa ni yale mazungumzo, kitanda kilikuja baadaye.

Kisha siku moja inakuja simu, mmepangiwa mtoto. Unatumiwa picha mbili na karatasi. Karatasi yetu ilisema ni msichana, umri miezi 5, alizaliwa kabla ya siku zake, uzito kilo 5.6, urefu kadhaa, mzunguko wa kichwa kadhaa, chanjo hizi kapata hizi bado, na chini kabisa sentensi mbili za tabia yake: ni mtulivu, halii sana. Mume wangu alivyofika hapo kwenye halii sana akacheka akasema huyu katupendelea, tutalala. Tukaipeleka ile karatasi kwa daktari wa watoto, na nawashauri wote wanaopita njia hii wafanye hivyo kabla hawajasema ndiyo wala hapana. Daktari akatoa chati ya ukuaji, zile za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006, akachukua kalamu akaweka nukta. Ilikaa chini, juu kidogo tu ya ule mstari ambao mtoto akiushuka wanaanza kuwa na wasiwasi. Tukamwangalia usoni tujue tulie au tucheke. Akasema nukta moja haisemi kitu, nileteeni ya pili. Kwamba mtoto anaweza kuwa mdogo na anakua vizuri, au akawa mkubwa anashuka, kinachotazamwa ni mstari unaelekea wapi, na kichwa anakitazama kuliko hata uzito. Halafu akaweka kidole pale penye halii sana akasema hapa ndipo mimi ningeuliza maswali.

Sikumuelewa siku ile. Akatueleza kwamba mtoto mchanga analia ili mtu aje, ndo kazi ya kilio, sasa mahali ambapo mlezi mmoja ana watoto kumi mtoto analia haji mtu, analia haji mtu, mwisho anaacha. Ule utulivu unaosifiwa unaweza kuwa mtoto ameshakata tamaa ya kuita. Mume wangu hakusema neno njia nzima tukirudi nyumbani.

Sasa nije kwenye vitu, maana najua wasomaji wanataka vitu. Ile karatasi iliandikwa akiwa na miezi 5, ikatufikia ana 7. Mimi nikaenda kununua nguo za miezi 6 hadi 9 kwa furaha, nikazifua, nikazipanga. Hazikuvaliwa. Nikaja nikanunua za mwaka. Hazitavaliwa. Saa hii binti ana miezi 14, ameanza kushika viti anasimama, na mimi kabati limejaa nguo za mtoto ambaye alikuwepo na akapita nisimuone. Kuna siku nilikaa chini pale chumbani nikazikunja moja moja kuzitoa, kile kijisweta cha njano chenye kifungo cha kondoo kikanishinda, nimekirudisha. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu ni kwamba nguo usinunue mpaka una tarehe ya kusafiri, na hata hapo chukua saizi mbili, ya umri wake na ya chini yake, maana wengi wanakuja wadogo kuliko miaka yao halafu ndani ya miezi michache wanafumuka. Kitanda sawa, godoro liwe gumu, bila mito wala midoli, na kiwekwe chumbani kwenu. Huyu amezoea kulala na wenzake wanapumua pande zote, ukimuweka peke yake kwenye kile chumba ulichokipamba mwaka mzima kimya kitamtisha. Sisi kile chumba tumekipamba pia, nisijifanye mjuzi, ukutani kuna tembo watatu.

Chupa. Hili nilielezwa na mama mmoja aliyetangulia nikaona ajabu. Kwenye baadhi ya makao tundu la chuchu linapanuliwa ili mtoto anywe haraka, mlezi amfikie wa pili. Mtoto wa hivyo ukimpa chuchu ya dukani ya kawaida anavuta kidogo hapati anakasirika, wewe unadhani hataki maziwa au anakukataa wewe. Kwa hiyo weka chuchu za aina mbili tatu, na uliza anakunywa maziwa gani, uanze na hayohayo hata kama wewe unayaona duni, ubadilishe polepole kwa kuchanganya, tumbo lake lina mageni ya kutosha wiki hiyo. Na ukifika naye mpeleke kwa daktari ndani ya wiki mbili hata kama anaonekana mzima, damu ipimwe upya, homa ya ini, VVU, kaswende, kifua kikuu, choo kiangaliwe minyoo, na zile chanjo kwenye kadi zihakikiwe, kama kadi haiaminiki wanarudia tu, kurudia hakumdhuru.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu na miezi yake mitatu.

Ndugu yangu, nakuelewa, kwa sababu mwaka wa kwanza mimi nilikuwa nasema maneno yako yaleyale, tena kwa kupiga meza. Nilikuwa nikiangalia ile picha nawaza kila siku wanayochelewesha ni siku yake. Na upo ushahidi kwamba muda ni kitu kikubwa. Kuna utafiti ulifanyika Bucharest, kule Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto 136 waliokuwa kwenye makao, wa miezi 6 mpaka 31, wakagawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapelekwa kwenye familia za malezi jingine likaendelea na utaratibu uliokuwepo, wakafuatiliwa miaka na miaka. Waliopelekwa kwenye familia walifanya vizuri zaidi, na waliotoka kabla ya kufikisha miaka 2 ndo walionekana kufaidika zaidi, kwenye kushikamana na mtu, hata kwenye umeme wa ubongo ulivyopimwa. Mimi niliposoma hapo nilishika kichwa. Binti yangu miezi 14, nina miezi 10.

Ila soma tena hapo ndugu yangu, mimi ilinichukua muda kuliona. Zile familia za ule utafiti zilikuwa palepale Bucharest. Hakuna mtoto aliyepandishwa ndege. Kilichowasaidia ni mikono ya mtu mmoja anayejulikana, na mikono hiyo haihitaji viza.

Kwa nini nasema usiharakishe. Huo Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 unaoongoza mambo haya ya kuasili mtoto kutoka nchi nyingine, ambao nchi zaidi ya 100 zimejiunga nao, hauanzi na sisi wazazi wenye hamu. Unaanza na kuuliza kama huyu mtoto kweli anaweza kuasiliwa, na kama imetazamwa vya kutosha nafasi ya yeye kulelewa kwenye nchi yake, na kama mama yake alikubali kwa hiari bila kulipwa na alikubali baada ya kujifungua sio kabla. Hayo yote ni kifungu cha 4. Sasa kumtafuta shangazi wa mtoto, bibi, mjomba aliyehamia mji mwingine, ni kazi ya miguu, wanaenda wanakuta kahama, wanaacha ujumbe, wanarudi. Hiyo haiishi kwa miezi mitatu. Na pale ilipoharakishwa tumeona. Mwaka 2007 kuna shirika la Ufaransa lilikamatwa Chad likitaka kuwarusha watoto 103 eti yatima wa Darfur kule Sudan, ikaja kujulikana wengi wao wana wazazi na wametoka vijiji vya hapohapo Chad. Guatemala ilikuwa inatoa maelfu ya watoto kwa mwaka kwenda Marekani kwa haraka ya ajabu mpaka ikabidi wasimamishe maombi mapya ilipofika 2008, kwa tuhuma za mama kulipwa, mama kulaghaiwa, mtoto kuibwa. Uholanzi tume iliangalia mambo ya zamani ikatoa ripoti Februari 2021, serikali ikasimamisha uasili wa kimataifa. Na Machi 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini ikasema wazi kwamba watoto walipelekwa nje kwa karatasi za kughushi, mtoto ana wazazi anaandikwa kaokotwa, huyu kafa anapewa mwingine jina lake asafirie. Hao sasa ni watu wazima wa miaka 40, 50, wanazunguka na picha ya utotoni wanauliza mimi ni nani. Karatasi zao zilikwenda haraka sana.

Mimi sitaki binti yangu aje aniulize swali hilo nimjibu nilikuwa na haraka.

Kwa hiyo kuna kuchelewa kwa aina mbili na tusizichanganye. Kuna kuchelewa kwa kumtafuta bibi, hiyo waacheni wachelewe. Halafu kuna kuchelewa kwa faili kulala. Faili letu lililala miezi mitano kwenye meza moja kwa sababu aliyekuwa anasaini alihamishwa na aliyekuja hakujua kama lipo, tukapiga simu, njooni wiki ijayo, tukapiga, mhusika yuko likizo, mwisho likaonekana chini ya mengine likiwa limekamilika kila kitu isipokuwa muhuri. Miezi mitano ya mtoto kwa ajili ya muhuri! Hapo msomaji mwenzangu piga kelele na mimi nitapiga na wewe.

Na kuna la tatu ambalo sijaona mtu analiandika, kwamba huyo mtoto wakati bibi anatafutwa na muhuri unatafutwa, anasubiri wapi? Maana sisi tunabishana miezi mitatu au thelathini utafikiri lazima aisubirie kwenye kile chumba cha vitanda ishirini. Binti yetu alipofika miezi 9 alitolewa akapelekwa kwa mama wa malezi, hukohuko kwao, mwanamke mwenye watoto wake wakubwa anayelipwa kidogo na serikali kukaa na mtoto kwa muda. Hatukuomba sisi, hata hatukujua kama jambo hilo lipo, ni utaratibu wao walianza. Tukapata ripoti miezi miwili baadaye. Kilo zimepanda, nukta ya pili tulishaipata miezi 8 ikiwa kilo 7.0, hii ya tatu ikapanda tena, daktari akachora mstari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ila mimi nilikimbilia zile sentensi za chini. Zilisema: analia mlezi wake akitoka chumbani, akirudi anatulia.

Nililia mhariri. Kwanza kwa furaha, mtoto kajua kuita na kuna mtu anakuja. Halafu, nitasema ukweli maana jina langu hamtaliandika, nikalia kwa wivu. Analia kwa ajili ya mtu na mtu huyo sio mimi. Na siku nikifika mimi ndo nitakuwa yule anayemtoa kwa mtu anayemlilia. Hapo ndo niliacha kununua vitu.

Tangu siku hiyo maandalizi yetu yamekuwa mengine kabisa. Zamani alipokuwa kwenye makao tulituma kiblanketi tulicholala nacho wiki nzima, tumesoma kwamba harufu inasaidia, ule Mkataba haukuruhusu tuwasiliane na wanaomlea mpaka hatua fulani zipite kwa hiyo ilivyopita tu tukatuma kupitia mamlaka husika. Tukajibiwa kwa heshima kwamba kimepokelewa na kimeingia kwenye nguo za wote, pale kila kitu ni cha wote, kinafuliwa pamoja na mashuka. Sijui kiko kwa mtoto gani, natumaini kinamfaa. Sasa tumegeuza, badala ya kutuma harufu yetu tunaomba ya kwao. Tumemuandikia mama wa malezi maswali, yanatafsiriwa yanaenda yanarudi, mwezi na nusu. Anambeba mgongoni au ubavuni? Anamuimbia nini? Sabuni gani? Akimlaza anamlaza saa ngapi na taa inawaka? Akajibu yote yule mama, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Kwamba mtoto akitaka kulala anashika ukosi wa gauni lake anausugua kwa kidole gumba. Kwamba haogi bila kikombe cha bluu. Kwamba anasema neno moja, na neno lenyewe akatuandikia, ni lugha yao, maana yake ni maji. Mume wangu analisema lile neno akiwa anaoga mpaka ananichekesha. Tunajifunza mengine kama arobaini hivi, njoo, pole, imeisha, umeumia wapi, tayari, mama yupo wapi. Hilo la mwisho nimejifunza kulisikia, sio kulisema.

Na tumeomba asikabidhiwe siku moja. Tukienda tukae naye akiwa kwa huyo mama, siku kadhaa, yeye atuone tunakunywa chai na mama yake, amzoee mume wangu kwa mbali, halafu mchana, halafu usingizi wa mchana, ndo usiku. Na gauni moja la yule mama, ambalo halijafuliwa, tumeliomba tuje nalo. Amekubali. Nikifika nalo nyumbani hakuna mtu wa kuligusisha maji.

Ndugu zangu hawaelewi habari ya wiki za mwanzo na hili naliandika hapa kwa makusudi maana wanasoma gazeti hili. Tukija naye msije kumpokezana. Najua mnampenda, mama mkwe wangu ameshachagua hata kiti atakachokaa akimpakata. Lakini mtoto aliyebebwa na mikono mingi anakwenda kwa yeyote anacheka na yeyote, na mtu atasema loh mchangamfu huyu, kumbe hajui wake ni nani. Kwa wiki kadhaa anayemlisha ni sisi wawili, anayemuogesha ni sisi, akianguka anayemuinua ni sisi. Nyie njooni mpike, mfue, mkae na mimi nikichanganyikiwa. Nilipomueleza mama mkwe alinyamaza, kisha akasema, "Sawa mwanangu, basi mimi nitakupakata wewe." Nimeshamsamehe mpaka ya mwaka jana.

Kazini ndo sitaki hata kuanza. Nilipoomba likizo nikaulizwa likizo ya nini wakati hujazaa. Nikajibu ndiyo sijazaa, mwili wangu hauna kidonda, ila huyo mtoto ndo mwenye kidonda na anahitaji mtu wa kukaa naye. Shirika la Kazi Duniani kwenye Pendekezo namba 191 la mwaka 2000 lilishasema penye sheria ya kuasili basi na wazazi wa kuasili wapate hizo kinga za uzazi za likizo na mafao. Ni pendekezo, halimlazimishi mtu. Nimepewa wiki mbili, nimejazia na likizo zangu za mwaka nilizolimbikiza, mume wangu naye hivyohivyo, tutapokezana.

Kitu kingine wanaoanza njia hii wajue, mlango unaweza kufungwa ukiwa umeshika kitasa. Urusi ilipitisha sheria ya kuwazuia Wamarekani kuasili watoto wake Desemba 2012 ikaanza Januari 1, 2013, Wamarekani waliokuwa wameshaonana na watoto na kuwaahidi tutarudi, hawakurudi. Ethiopia ilifunga Januari 2018. China ambayo ilitoa zaidi ya watoto 80,000 kwa Marekani peke yake tangu miaka ya 90, ilitangaza Septemba 2024 kwamba basi, isipokuwa ndugu wa karibu, na zilikuwepo familia zilizopangiwa watoto tangu kabla ya korona zikawa zimesubiri miaka minne. Mimi nikiwaza hizo nakosa usingizi. Tumekubaliana na mwenzangu likitokea hilo zile barua za mama wa malezi tutazirudisha kwake amuwekee mtoto, pamoja na picha zetu akipenda. Ndo maana vilevile lile daftari tunaloandika kila kitu, nani alisema nini, aliokolewa wapi, alivaa nini, jina alilopewa na nani, tunaandika nakala mbili. Jina lake hatulibadilishi. Tutaongeza la ukoo wetu nyuma, la mbele ni lake, alikuja nalo.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Kwenye ile makala yenu ya mwezi uliopita mliandika mama halisi na mama wa kuasili. Naomba muandike mama mzazi. Yupo mwanamke ambaye alimzaa, jina lake lipo kwenye faili, nikilisoma naona heshima kulikuta pale, lakini mkisema yeye ndo halisi, mtoto wangu akija kujua kusoma atauliza mimi ni feki? Na yule wa malezi anayesuguliwa ukosi kila usiku tumuite nani? Na mkipata nafasi kwenye huo ukurasa wenu wa wiki wiki, wekeni hata aya moja ya sisi wa vyeti.

Naishia hapa. Mahakama ya kwao imetupa tarehe, ya kusikiliza tu, na kesho asubuhi lazima tuwahi hospitali, cheti cha afya kimeisha tena.

Mama anayesubiri
(jina na anwani mhariri anavyo)